Jinsi ya kutafuta mapishi na kuyapanga vyema katika karatasi ya A4

SI jambo geni siku hizi kumwona mpishi akiwa ameshika mwiko kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, akijaribu kuamsha kioo kilichozimika kwa kidole kilichojaa unga. Kabla hajaona tena idadi ya mayai yanayohitajika, vitunguu vimeungua. Wakati mwingine stima hupotea, chaji huisha au bando hukatika, na maelekezo yote hutoweka mchuzi ukiwa bado motoni. Ndiyo maana karatasi, ambayo wengi waliitabiria kifo zamani, ingali na nafasi yake jikoni.

Hata hivyo, kuchapisha mapishi si kubonyeza kitufe tu. Wengi wanaoingia katika saiba za katikati ya jiji la Nairobi, au zile za Westlands, Kangemi, Kawangware na Uthiru, huondoka na kurasa nane au tisa badala ya moja. Kurasa hizo huwa zimejaa matangazo ya biashara, picha zinazomaliza wino na maoni ya watu wasiojulikana, ilhali maelekezo yenyewe yamekatwa mstari wa mwisho. Mteja hulipia kila ukurasa, na akifika nyumbani hutambua kuwa hajui mkate wake unafaa kukaa ndani ya oveni kwa muda gani.

Kuna pia jambo zito kuliko gharama ya karatasi. Mapishi mengi ya jamii zetu hayajawahi kuandikwa popote. Yamo katika viganja na ndimi za mama na nyanya zetu, na anapoaga mmoja wao, pishi lake huzikwa naye. Makala haya yanaeleza pa kuyatafuta mapishi, namna ya kuyahakiki, na jinsi ya kuyapanga ili yatoshee vizuri katika karatasi ya kawaida.

MAPISHI YA NANI YALICHAPISHWA?

Nairobi ina historia ndefu ya mapishi yaliyochapishwa, ila historia hiyo ilianza upande mmoja. Mnamo 1928, chama cha wanawake wa Kanisa la St Andrew's jijini kilitoa kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kilichokusudiwa walowezi wa Kizungu, The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide. Kilipendwa kiasi cha kuchapishwa upya mara kadhaa katika miongo iliyofuata. Aliyesimama mbele ya jiko katika nyumba nyingi za walowezi hao alikuwa Mwafrika, lakini chakula alichowapikia watoto wake mwenyewe hakikuwa na kitabu.

Athari za pengo hilo zilionekana baadaye. Vyakula vya kiasili vilidharauliwa na kuhusishwa na umaskini, hasa mijini. Mnamo 1999, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalitoa kitabu kuhusu mimea ya vyakula vya kiasili nchini, Traditional Food Plants of Kenya, kazi ya Patrick Maundu na wenzake. Kuanzia 2007, serikali ikishirikiana na UNESCO, wanasayansi na wazee wa jamii, ilianza juhudi za kuyanakili maarifa ya vyakula hivyo, zikiwemo kazi miongoni mwa Waisukha wa magharibi mwa Kenya na Wapokot. Watoto wa shule za msingi walishirikishwa kukusanya maarifa kutoka kwa wazee wao. Orodha ya mimea ya kiasili takriban 850, pamoja na majina yake ya kienyeji, iliandaliwa. Mnamo 2021, UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi usioshikika.

Funzo kwa msomaji ni kwamba mapishi hayahifadhiki kwa kupendwa pekee. Sharti yaandikwe na yawekwe mahali ambapo mwingine ataweza kuyapata.

PA KUTAFUTA

Wa kwanza kuulizwa ni watu walio karibu nawe. Katika masoko ya Kangemi na Kawangware, wauzaji wa mnavu, saga, mrenda, kunde na mitoo aghalabu ndio hao hao wanaozipika nyumbani kwao. Mwulize mama anayekuchumia majani namna anavyopunguza uchungu wa saga, au mboga ipi huchanganywa na ipi ili mrenda usiteleze kupita kiasi. Maswali ya namna hii hayahitaji ada, na majibu yake huwa na mambo madogo madogo ambayo vitabu husahau.

Shida ya mapishi ya mdomo ni vipimo. Ukimwuliza nyanya kiasi cha chumvi, atakujibu, "Weka ya kutosha." Njia nyepesi ni kumwacha apike kama kawaida yake huku wewe ukipima. Weka pakiti ya chumvi kwenye mizani kabla hajaanza, kisha uipime tena akishamaliza. Tofauti ndiyo kiasi alichotumia. Fanya hivyo kwa unga, sukari, mafuta na maziwa. Andika pia saa aliyoinjika sufuria na saa aliyoiepua. Kwa siku moja utakuwa umepata vipimo ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kuvijua kwa tarakimu.

Pili, kuna machapisho rasmi. Mnamo 2018, Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) zilitoa kitabu Kenya Food Recipes, chenye mapishi ya vyakula vinavyoliwa kwa kawaida nchini pamoja na thamani ya lishe ya kila chakula. Kinapatikana bila malipo mtandaoni kama faili ya PDF, hivyo unaweza kuchapisha ukurasa unaouhitaji pekee badala ya kitabu kizima.

Tatu, kuna maktaba. Maktaba ya McMillan iliyoko Barabara ya Banda, yenye sanamu za simba wawili mlangoni, ilifunguliwa mwaka wa 1931. Ilitengewa Wazungu kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa Baraza la Jiji mnamo 1962. Mikusanyiko ya vitabu na magazeti ya zamani kama ile iliyomo humo ni hazina kwa anayetafuta mapishi ya enzi zilizopita. Mpango wa kuikarabati umekuwapo kwa miaka kadhaa, kwa hivyo ni busara kuulizia saa za kazi kabla ya kufunga safari. Upande wa magharibi wa jiji, bewa la Upper Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi ndilo linalofunza sayansi ya chakula na lishe.

Usiwapuuze pia wauzaji wa vitabu vilivyokwishatumika, wale ambao wakazi huita "inama" kwa sababu mnunuzi hulazimika kuinama kuchagua kitabu kilichotandazwa chini. Vitabu vya sayansi ya nyumbani vya miaka ya zamani hupatikana huko kwa bei nafuu, na vingi vina vipimo vilivyojaribiwa na walimu.

Nne ni mtandao. Unapotafuta, andika jina la chakula pamoja na la mahali, kwa mfano "pilau ya Mombasa" au "mukimo wa viazi na minji", badala ya jina peke yake. Tafuta pia kwa majina yote unayoyajua, kwani mnavu huitwa managu na wengine, nayo terere ndiyo mchicha wa wengine. Ukipata mapishi matatu ya chakula kimoja, yalinganishe. Pale yanapokubaliana ndipo penye msingi wa chakula hicho. Pale yanapotofautiana ni hiari ya mpishi. Moja likiwa na kipimo kilicho mbali sana na mengine, yamkini aliyeliandika alikosea.

HAKIKI KABLA YA KUCHAPISHA

Kosa lililo kwenye kioo cha simu hupita, lakini kosa lililochapishwa na kubandikwa ukutani hurudiwa kila wiki. Yapo mambo manne ya kuangaliwa.

La kwanza ni vipimo. Kikombe cha Marekani ni takriban mililita 240, ilhali nchi nyingine hutumia kikombe cha mililita 250. Painti ya Uingereza ni mililita 568, lakini ya Marekani ni 473. Kijiko cha mezani ni mililita 15 katika nchi nyingi, ila Australia ni 20. Aunsi moja ni gramu 28, na ratili moja ni gramu 454. Kwa mandazi machache tofauti hizi haziharibu neno. Kwa keki kubwa ya harusi zinaweza kuharibu kila kitu.

Vipimo vya kwetu pia vinahitaji kufafanuliwa. Gorogoro lilianza kama kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, na likijazwa mahindi hadi kilele hukadiriwa kuwa kilo mbili. Lakini gorogoro la maharagwe halina uzani sawa na la unga. Hali ni hiyo hiyo kwa kibaba na pishi katika mapishi ya pwani: pishi moja ni vibaba vinne, lakini uzani hutegemea kilichopimwa. Unapoandika, acha jina la kienyeji lilivyo, kisha weka gramu kando yake.

La pili ni joto. Mapishi ya Kimarekani hutaja nyuzi za Fahrenheit. Ukiona keki inaokwa kwa nyuzi 350, fahamu kuwa hizo ni takriban 180 za Selsiasi. Badilisha tarakimu hiyo kabla ya kuchapisha, wala usimwachie hesabu atakayeisoma karatasi akiwa na haraka.

La tatu ni mwinuko wa Nairobi. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa takriban nyuzi 94 badala ya 100 kama ilivyo Mombasa. Kwa sababu hiyo, githeri, maharagwe na nyama huchukua muda mrefu zaidi kuiva hapa kuliko ilivyoandikwa katika mapishi ya pwani au ya nchi za nje. Keki nazo huumuka haraka na zinaweza kuzama katikati, hivyo huenda ukahitaji kupunguza poda ya kuumulia kidogo. Kwenye karatasi yako andika muda uliotumia wewe mwenyewe, si ule ulioukuta.

La nne, na ndilo kubwa, ni usalama. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu ya kiasili inayosababisha kutapika na kuhara. Yanapaswa kulowekwa kwa saa tano au zaidi, maji hayo yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya. Kiwango cha chini kinachotajwa ni dakika 10, ila wapo wataalamu wanaoshauri dakika 30, na kwa mpishi wa Nairobi ushauri huu wa pili ndio wa kushikwa. Kuyatia yakiwa makavu katika chungu cha umeme cha moto mdogo ni hatari, kwa sababu joto lake huenda lisiiondoe sumu hiyo. Mihogo michungu vilevile haifai kuliwa kabla ya kumenywa, kulowekwa na kupikwa ipasavyo. Ukifupisha maelekezo ili yatoshee ukurasa mmoja, hatua za namna hii ndizo za mwisho kabisa kuguswa. Ni afadhali picha iondoke.

Tena, usichanganye vitu vya kuumulia. Hamira ni chembe hai na huhitaji muda wa kuumua unga. Poda ya kuokea hufanya kazi mara inapokutana na maji na joto. Magadi ya kuokea, yaani baikaboneti ya soda, huhitaji kitu kichachu kama maziwa ya mala au limau. Kijiko cha kimoja si kijiko cha kingine, kwa hivyo andika jina kamili.

HAKIMILIKI

Kwa kawaida, orodha tupu ya viungo na vipimo si mali ya mtu mmoja. Kinacholindwa ni namna mwandishi alivyoeleza, picha zake na mpangilio wa kitabu chake. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu kunakili kwa kiasi cha haki kwa matumizi ya kibinafsi. Kujichapishia ukurasa mmoja wa kutumia jikoni ni tofauti na kurudufu kitabu kizima na kukiuza. Iwapo unaandaa kijitabu cha kuuza, jaribu mapishi mwenyewe, yaandike kwa maneno yako na utaje ulikoyapata.

Maarifa ya jamii nayo yana ulinzi wake. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Kiasili na Sanaa za Kitamaduni mnamo 2016. Hata bila sheria, ni adabu kuandika chini ya ukurasa jina la aliyekufundisha, mahali na mwaka, iwapo mwenyewe ameridhia.

IFAHAMU KARATASI YAKO

Karatasi ya kawaida nchini Kenya ni A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Kipimo hiki kilitoka Ujerumani mwaka wa 1922, kikatokana na kazi ya Walter Porstmann, na baadaye kikawa kipimo cha kimataifa. Siri yake ni uwiano wa pande zake: ukiikunja A4 katikati unapata A5 mbili zenye umbo lile lile, na A4 kumi na sita hufanya A0 moja yenye eneo la mita moja mraba.

Hesabu hiyo ina manufaa madukani. Karatasi ya gramu 80 kwa mita mraba huwa na uzani wa takriban gramu tano kila moja, na rimu ya karatasi 500 huwa takriban kilo mbili na nusu. Ukiuziwa rimu iliyoandikwa gramu 80 na ikawa takriban kilo 2.2 kwenye mizani, huenda umepewa ya gramu 70. Karatasi nyepesi huonyesha maandishi ya upande wa pili na hulainika upesi kwa mvuke wa jikoni.

Wamarekani hutumia karatasi iitwayo Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa 279. Ni pana kuliko A4 kwa milimita 6 na fupi kwa milimita 18. Hapa ndipo penye chanzo cha shida nyingi. Programu nyingi za tarakilishi hutujia zikiwa zimepangiwa Letter. Ukurasa ulioandaliwa kwa Letter ukichapishwa kwenye A4 bila kurekebishwa, maandishi ya pembeni huweza kukatwa, au kila kitu husogea na mstari mmoja kuangukia ukurasa wa pili ambao nao utaulipia. Kwa hivyo, kabla ya kuandika neno la kwanza, fungua sehemu ya mpangilio wa ukurasa na uchague A4.

KUPANGA UKURASA

Usichapishe moja kwa moja kutoka kwenye tovuti. Kwanza tazama kama tovuti ina kitufe cha kuchapisha ambacho huondoa matangazo. Kama hakuna, nakili maandishi unayoyahitaji pekee na uyabandike katika programu ya kuandikia bila mapambo yake ya awali. Kisha fuata hatua hizi:

1. Weka pambizo ya kushoto ya sentimita 3 ili kuacha nafasi ya kutoboa au kujalidi. Pambizo nyingine ziwe sentimita 2. Utabaki na nafasi ya kuandikia yenye upana wa sentimita 16 na urefu wa karibu 25.7.

2. Tumia herufi za ukubwa wa 14. Mapishi husomwa na mtu aliyesimama, karatasi ikiwa mbali kidogo na macho yake. Ukubwa wa 12 hutosha kwa barua, lakini jikoni huchosha.

3. Juu kabisa weka jina la chakula. Chini yake, katika mstari mmoja, andika idadi ya walaji, muda wa kuandaa na muda wa kupika.

4. Gawa ukurasa kwa safu mbili: ya kushoto ya sentimita 5.5 iwe ya viungo, na ya kulia ya sentimita 10 iwe ya hatua. Sentimita nusu inayosalia ni nafasi ya kutenganisha. Hivyo mpishi ataona viungo na hatua kwa mtazamo mmoja.

5. Panga viungo kwa utaratibu wa kutumika kwake, si kwa ukubwa. Tarakimu zitangulie ili zisomeke haraka.

6. Kila hatua iwe na nambari na ianze kwa kitenzi: kaanga, koroga, funika, epua. Usiweke vitendo vinne katika hatua moja.

7. Acha mistari mitatu au minne mitupu chini ya ukurasa kwa ajili ya maelezo ya kalamu. Hapo ndipo utakapoandika kuwa chumvi ilizidi, au kuwa mgeni fulani aliomba aongezwe.

Lenga ukurasa mmoja kwa pishi moja. Likikataa kutosha, ondoa picha kwanza, kisha masimulizi, kisha mapambo. Usipunguze herufi hadi zisomeke kwa darubini.

MFANO

Huu hapa ni mfano mfupi wa pishi lililopangwa kwa utaratibu huo.

MNAVU KWA MAZIWA
Walaji 4. Kuandaa dakika 20. Kupika takriban dakika 40.

Viungo:
Gramu 500 za majani ya mnavu yaliyochambuliwa
Vijiko 2 vya mezani vya mafuta
Kitunguu 1 kikubwa, kilichokatwakatwa
Nyanya 2 zilizoiva
Mililita 250 za maziwa freshi
Nusu kijiko cha chai cha chumvi

Hatua:
1. Osha majani mara tatu kwa maji safi ili kuondoa mchanga.
2. Chemsha majani kwa dakika 15, kisha mwaga maji hayo kupunguza uchungu.
3. Pasha mafuta na ukaange kitunguu hadi kilainike.
4. Ongeza nyanya na chumvi. Pika hadi zipondeke.
5. Tia majani na uyageuze kwa dakika 3.
6. Mimina maziwa, punguza moto, na uache yatokote polepole kwa dakika 10 bila kufunika.
7. Epua na upakue kwa ugali.

Mfano huu wote huenea katika ukurasa mmoja wa A4 na kubakisha nafasi ya kuandikia.

UKIFIKA SAIBA

Hifadhi kazi yako kama PDF kabla ya kuipeleka kuchapishwa. Faili ya kawaida ya maandishi inaweza kubadilika ikifunguliwa katika tarakilishi nyingine isiyo na fonti ulizotumia, na safu zako zikavurugika. PDF hubaki ilivyo. Ibebe kwa flashi au uitume kwa barua pepe.

Mwombe mhudumu akuonyeshe taswira ya ukurasa kwenye kioo kabla ya kuchapisha. Hakikisha karatasi iliyochaguliwa ni A4, kiwango ni asilimia 100, na kurasa ni idadi uliyoitarajia. Uliza bei ya nyeusi na ya rangi mapema, kwani hutofautiana sana, na mapishi hayana haja ya rangi. Chapisha nakala moja kwanza, uisome yote, kisha uagize zilizobaki. Unapoondoka, futa faili yako na ufunge barua pepe yako kwenye tarakilishi hiyo.

Kama una mapishi mengi, unaweza kutengeneza kijitabu. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A5, kwa hivyo idadi ya kurasa zako sharti igawike kwa nne. Mashine ya kurudufu hupunguza A4 hadi A5 kwa asilimia 71. Herufi za 12 zikipunguzwa hivyo huwa ndogo mno, takriban 8.5, anza na za 17 ili zibaki 12. Kazi kubwa zaidi ya nakala mamia inaweza kupelekwa kwa wapigachapa wa eneo la River Road na mitaa jirani, ambako biashara hiyo imejaa tele. Omba sampuli kwanza.

KUHIFADHI

Adui wa karatasi jikoni ni mafuta, mvuke na mwanga. Karatasi inayotumiwa kila siku, kwa mfano katika kibanda cha kuuza chapati na maharagwe ambako wafanyakazi hubadilishana zamu, ifunikwe kwa plastiki na itundikwe mbali na moto. Zile za nyumbani zinatosha kuwekwa katika faili yenye mifuko ya plastiki, mapishi yakipangwa kwa alfabeti au kwa aina ya chakula. Weka nakala ya pili mbali na jikoni, na nyingine katika barua pepe yako.

Iwapo nyanya yako aliwahi kuandika mapishi kwa mkono wake, usiitupe karatasi hiyo baada ya kuichapa upya. Ipige picha au irudufu, uiweke nyuma ya ukurasa mpya. Mwandiko wake ni sehemu ya urithi huo, na mara nyingine alama ya doa la mafuta ndiyo inayoonyesha pishi lililopendwa zaidi.

Kazi yote hii, kuanzia kupima hadi kuchapisha, huweza kukamilika katika wikendi moja. Jumamosi mpikie au pika pamoja na mzee mmoja wa familia huku ukipima. Jumapili andika na upange. Jumatatu pitia saiba ukielekea kazini, na utoke na ukurasa mmoja ulio kamili. Ukifanya hivyo mara moja kila mwezi, mwaka ukiisha utakuwa na mapishi kumi na mawili, ambayo ni kurasa kumi na mbili au kijitabu cha karatasi tatu zilizokunjwa. Ni kitabu kidogo, lakini huenda kikawa cha kwanza kuandikwa katika ukoo wenu.